Mvua Iliyo Ndani ya Koti

Anayenunua koti la mvua la kupandia mlima huuliza kwanza kama litapitisha maji. Ni swali la haki, ila jibu lake limekuwapo tangu 1823, mwaka ambao Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza ya kubandika mpira ulioyeyushwa katikati ya tabaka mbili za kitambaa. Hata kabla yake, wenyeji wa pwani za Alaska walikuwa wakishona makoti mepesi ya utumbo wa sili na walrasi, wakavuka nayo bahari ya barafu bila kulowa. Kuzuia maji ya nje ni kazi nyepesi. Kipande cha nailoni kinaiweza. Ugumu umo ndani, kwa mvaaji mwenyewe. Misuli inapofanya kazi, takriban robo tu ya nishati inayotumia hugeuka kuwa mwendo, na sehemu kubwa iliyobaki huwa joto ambalo mwili unapaswa kulitoa. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kilojuli zipatazo 2,400, na mtu anayepanda kwa bidii akiwa na mzigo anaweza kutoa lita hiyo kwa saa moja. Lisipopata pa kutokea, jasho humlowesha sawasawa na mvua. Ndiyo maana nashikilia kwamba koti la mvua lichaguliwe kwa kupima jasho la mvaaji kabla ya kupima mvua, na kwamba katika misitu ya milima yetu hewa inayopita humsaidia mtu kuliko utando wa bei kubwa.

Utando huo si hadaa, na historia yake inastahili heshima. Mwaka 1969 Bob Gore, katika jimbo la Delaware nchini Marekani, aliupasha moto ufito wa PTFE, plastiki ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula, kisha akauvuta kwa ghafla. Badala ya kukatika ukarefuka, na ndani yake vikafunguka vitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho. Kila kitundu ni kidogo kuliko tone la maji kwa takriban mara 20,000, lakini ni kikubwa mara 700 kuliko molekuli ya mvuke. Mvua haiingii, mvuke unatoka: ndiyo ahadi iliyoandikwa kwenye lebo tangu makoti hayo yalipoingia madukani katika miaka ya 1970. Kinachosahauliwa ni kwamba kitundu ni mlango tu, na mlango haumsukumi mtu nje. Mvuke husukumwa na tofauti ya kanieneo yake kati ya ndani na nje ya koti. Tofauti ikiwa kubwa, mvuke hutoka mbio. Ikiwa ndogo, hutambaa.

Tuitazame tofauti hiyo Kilimanjaro. Miteremko ya kusini hupata mvua nyingi zaidi ndani ya ukanda wa msitu, kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, ambako hunyesha milimita 2,000 hadi 3,000 kwa mwaka, ilhali kileleni, mita 5,895, hazifiki 200. Kwa hiyo mpandaji hukutana na mvua kubwa kabisa siku ya kwanza, akiwa bado kwenye joto la karibu nyuzi 17 za Selsiasi na hewa iliyoshiba unyevu. Hewa ya nyuzi 30 iliyoloana chini ya koti ina kanieneo ya mvuke ya kilopaskali 4.2, ile ya msituni, kwenye nyuzi 17 na mvua ikinyesha, ina 1.9. Tofauti ni 2.3. Huko juu, penye nyuzi sifuri na hewa yenye nusu tu ya unyevu inaoweza kubeba, kanieneo ya nje hushuka hadi 0.3, na tofauti inakaribia 4. Koti lilelile, mtu yuleyule, lakini msukumo unakaribia kuwa mara mbili. Mahali penye mvua nyingi kuliko pote mlimani ndipo utando unapokuwa dhaifu, na ndipo mpandaji anapotokwa na jasho zaidi kwa sababu bado ana nguvu na kuna joto.

Muuza duka atajibu kwa kuonyesha lebo: gramu 20,000 za mvuke kwa kila mita ya mraba kwa saa 24. Tukichukua kwamba koti lina mita ya mraba moja na nusu, hiyo ni lita moja na robo kwa saa, yaani jasho lote lingetoka na nafasi ikabaki. Hesabu ni sahihi. Mazingira yake siyo. Namba za namna hiyo hutoka maabara, na kuna kipimo kimojawapo kinachoweka maji upande mmoja wa kitambaa na chumvi inayofyonza unyevu upande wa pili, kwa hiyo mvuke huvutwa kwa nguvu ambayo msitu wa Machame, huko Kilimanjaro, hauna. Viwanda pia havitumii kipimo kimoja, kwa hiyo 20,000 ya huyu na 20,000 ya yule hazilinganishwi. Halafu mabegi yetu hufunika mgongo wote, mahali hasa penye jasho jingi. Na kitambaa cha nje kikishaloa hupoa. Upande wake wa ndani nao hupoa, na mvuke unaougusa hurudi kuwa maji kabla haujafika kwenye kitundu. Mtu akilivua koti na kukuta limelowa kwa ndani hudhani linavuja, akalirudisha dukani. Mara nyingi halivuji hata kidogo.

Kitambaa cha nje hakipaswi kuloa, na kwa sababu hiyo kiwandani hupakwa dawa inayofanya matone yaviringike na kudondoka. Kwa miongo mingi dawa bora zilitokana na kemikali za familia ya PFAS, zisizooza kwa urahisi na zinazobaki kwenye maji na damu za viumbe. Mojawapo, PFOA, iliwekwa mwaka 2019 chini ya marufuku ya Mkataba wa Stockholm, na majimbo ya California na New York yalianza kuzizuia kwenye nguo mwaka 2025. Dawa mpya zisizo na PFAS hufukuza maji vizuri zikiwa mpya, lakini mafuta ya ngozi na uchafu huzidhoofisha mapema. Hasara hiyo naikubali bila kusita: koti la kuvaa siku chache halina haki ya kuacha sumu mtoni kwa vizazi. Ila mvaaji ajue kwamba sasa anapaswa kulifua koti lake mara nyingi zaidi na kulisuuza hadi sabuni iishe, kwa kuwa mabaki ya sabuni ya unga huyaita maji badala ya kuyafukuza.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama mtu atalowa tu, koti la nini? Jibu liko kwenye upepo. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa tulivu, na mvua inayotiririka juu ya ngozi huku upepo ukivuma huliondoa joto haraka kuliko misuli inavyoweza kulirudisha. Aliyelowa kwa jasho lake ndani ya koti lililofungwa amezungukwa na maji ya vuguvugu yasiyotembea. Anakereka, lakini yu hai na ana nguvu. Aliyelowa kwa mvua ya nyuzi 5 bila kinga anaweza kufikia hali ambayo joto la mwili linashuka chini ya nyuzi 35, na hapo akili huanza kuvurugika. Kwa hiyo msituni, penye miti inayokata upepo, napendelea mwavuli au koti pana lisilo na mikono, lenye kuacha hewa ipite pande zote. Hata koti la kawaida lenye zipu chini ya makwapa litafaa, zipu zikiwa wazi. Koti jepesi la gramu 200 au 300 likae begini, likavaliwe juu ya mstari wa miti, ambako mwavuli hupinduliwa na upepo na utando hupata msukumo wake.

Wapo wanaohofia kwamba wepesi ni udhaifu. Kuchanika, ndiyo: kitambaa chembamba hakipendi miiba. Kuvuja, hapana, na hesabu yake ni rahisi. Kilo moja juu ya sentimita moja ya mraba ni sawa na safu ya maji ya mita 10. Mkanda wa begi unaobonyeza bega kwa kilo 15 juu ya sentimita 100 za mraba hufanya mita moja na nusu, yaani milimita 1,500. Koti lililopimwa kuhimili safu ya maji ya milimita 10,000 linaubeba kwa urahisi, na lile la 30,000 humwongezea mpandaji gharama tu. Mwindaji ndiye mwenye sababu ya kutaka zaidi, tena kwenye suruali kuliko koti. Akipiga goti kwenye matope, kilo 40 juu ya sentimita 50 za mraba, hiyo ni milimita 8,000. Naye hutokwa na jasho kidogo kwa sababu hukaa kimya kwa saa nyingi, ila adui wake ni mchakacho wa kitambaa kikavu cha nailoni ambao kulungu wa Uskoti huusikia kutoka mbali. Kwa kazi yake sufu nzito au Ventile, pamba iliyofumwa kwa kubana sana nchini Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya marubani walioanguka baharini, ni bora kuliko utando wowote. Nyuzi zake zikiloa huvimba na kuziba nafasi. Ni nzito, lakini ni kimya.

Anayetokwa na jasho kuliko wote Kilimanjaro ni mpagazi, na hoja hii yote ina uzito zaidi kwake kuliko kwa mgeni. Anapanda upesi ili kambi iwe tayari, mkono mmoja umeshika mzigo, hivyo mwavuli haumfai. Akifika, hakai karibu na moto bali anapiga mahema huku mwili ukipoa. Anachohitaji ni koti pana linalofunika na mzigo, na nguo kavu za kubadilisha ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, za sufu au poliesta, si pamba inayoshika maji. Shirika la kusaidia wapagazi la KPAP, lililoko Moshi, huwaazima nguo za mlimani bila malipo, lakini wengi bado hujinunulia kwenye soko la mitumba, ambako jaketi lenye jina kubwa huweza kuwa limeshakufa: upako wa ndani wa poliurethani huharibika kwa joto na unyevu, ukanata na kubanduka. Kabla ya kulipa, geuza koti ndani nje na upitishe kidole juu ya mikanda iliyoziba mishono, uone kama inabanduka. Weka mdomo kwenye kitambaa na upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita upande wa pili, utando haupo tena. Kisha mwagia maji kiganja kimoja begani na usubiri dakika chache. Maji yakienea na kuacha doa jeusi huku ndani pakiwa pakavu, linahitaji kufuliwa na dawa mpya tu. Ndani pakilowa, liache sokoni.