Zimamoto wa Kujitolea wa Mashamba ya Victoria

Katika jimbo la Victoria, kusini-mashariki ya Australia, ambako majani ya mikalitusi yamejaa mafuta na upepo wa kiangazi hutoka jangwani mkavu na wa moto, wakulima walitambua tangu zamani kwamba msaada wa mjini, hata uwe na hima namna gani, haumwahi mtu ambaye ua wake umekwisha kushika moto. Basi majirani wakafanya shauri wao kwa wao, wakaunda vikosi visivyo na ujira wala sare, na zana zao zikawa magunia yaliyoloweshwa, matawi mabichi ya kupigia ndimi za moto, na mapipa ya maji juu ya magari ya farasi.

Serikali ilizinduliwa na maafa. Ijumaa, tarehe 13 Januari 1939, baada ya ukame mrefu, mioto iliyokuwa ikifuka huku na huko iliunganishwa na upepo; na msimu ule uliteketeza takriban hekta milioni 2, viwanda 69 vya kupasulia mbao, na roho za watu 71. Jaji Leonard Stretton, aliyepewa dhamana ya uchunguzi, alinena wazi kuwa mioto ile iliwashwa na mikono ya binadamu. Hata hivyo, ilibidi moto uue tena mwaka 1944 ndipo sheria ipite, na tarehe 2 Aprili 1945 vikosi vya mashambani vikawekwa chini ya mamlaka moja. Ucheleweshaji huo hauna udhuru.

Walioshika mpira wa maji walibaki wale wale: mfugaji, mwalimu, mwenye duka, ambao kilio cha king'ora huwatoa mezani chakula kikiwa bado cha moto. Adui yao mkubwa ni kugeuka kwa upepo, maana upepo wa kaskazini ukipinduka ghafla kuwa wa kusini-magharibi, ubavu mrefu wa moto huwa ndio uso wake, na waliodhani wako salama kando hujikuta mbele yake. Hivyo ndivyo walivyofariki watu 12 wa kujitolea huko Upper Beaconsfield tarehe 16 Februari 1983, na wengine 5 huko Linton tarehe 2 Desemba 1998, wakiwa njiani kwenda kujaza maji. Baada ya msiba wa Linton ikawa sharti kwamba hapana mtu wa kujitolea aendaye kwenye moto wa porini kabla ya kuhitimu mafunzo ya msingi.