Majina ya klabu yalibadilishwa, uhasama ukabaki

Hebu fikiria klabu yako ikivunjwa kabisa kwa sababu mashabiki mmeshindwa kukaa na wenzenu. Si hadithi. Yalitokea Mauritius, kisiwa kidogo katika Bahari Hindi.

Huko, jina la klabu lilikuambia wazi ni ya nani: Muslim Scouts, Hindu Cadets, Tamil Cadets. Fire Brigade nayo ilipendwa na Wakrioli, wengi wao wazao wa Waafrika waliopelekwa kisiwani utumwani. Miaka ya 1980 serikali ikaamuru majina ya dini na jamii yafutwe. Muslim Scouts ikawa Scouts Club, Hindu Cadets ikawa Cadets Club. Lakini uwanjani mashabiki walikuwa walewale, na uhasama uleule.

Mei 23, 1999, Fire Brigade waliwalaza Scouts 1-0 kwenye mechi ya kuamua bingwa. Mashabiki wenye hasira wakaingia barabarani. Jijini Port Louis, jumba la kamari la L'Amicale likateketezwa na watu 7 wakafa. Watu 7, kisa mpira!

Ligi ilisimamishwa kwa zaidi ya mwaka. Iliporudi, klabu zilikuwa za maeneo, kama AS Port-Louis 2000. Fujo ziliisha, ila umati nao ukapotea. Wengi wakahamia ligi ya Uingereza kwenye runinga.

Sisi pia tulibadilisha majina: Abaluhya FC ndiyo leo AFC Leopards. Kwa hivyo ukienda debi ya Mashemeji, imba, tania, piga vuvuzela upendavyo. Jiwe tu uliache chini, tusije tukabaki na viwanja vitupu.