Pesa yako haiko kwa laini. Iko kwa diski, na diski huchakaa

"Nikipoteza simu, pesa yangu imeenda nayo?" Swali hili tunaulizwa sana, na jibu ni hapana. Laini yako ni ufunguo tu. Lakini kuna swali la pili ambalo watu hawaulizi: kama salio haliko kwa simu, limeandikwa wapi? Na hapo lilipoandikwa, hapaharibiki?

Panaharibika. Tueleze vile tunaishi na jambo hilo.

Salio limeandikwa kwenye diski zilizo ndani ya seva nyingi zilizounganishwa kwa mtandao mmoja. Siku hizi kazi kubwa inafanywa na diski za SSD, ambazo hazina sahani ya kuzunguka. Ndani yake kuna kumbukumbu ya flashi, ndugu wa ile iliyo ndani ya simu yako na ya memori kadi unayonunua Luthuli Avenue. Ilibuniwa na injinia Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, miaka ya 1980. Ina kasi na haili umeme mwingi. Shida yake ni moja: kila ukiiandika, inachakaa kidogo.

Kumbuka penseli na raba za shule ya msingi. Ukifuta mara moja, karatasi iko sawa. Ukifuta pale pale mara ishirini, inatoboka. Flashi ni hivyo. Huwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani, lazima ufute kwanza, na kufuta ndiko kunakokula seli. Seli inayobeba biti moja huvumilia takriban mara 100,000. Lakini ili bei ishuke, diski nyingi za sasa hubeba biti tatu kwa kila seli, na hizo kwa kawaida huvumilia kama mara 1,000 hadi 3,000. Kusoma tu, kama unapoangalia salio, hakuichoshi sana.

Sasa mfikirie muuza nguo wa Gikomba. Kila malipo yakiingia, salio lake linabadilika, la mteja wake linabadilika, na mstari mpya unaongezwa kwenye taarifa za wote wawili. Hiyo ni kuandika kutwa nzima, na mwisho wa mwezi ndio usiseme. Kwingine kuna rekodi za miamala ya 2016 ambazo hakuna anayezigusa mpaka mtu aombe taarifa ya zamani. Diski iliyobeba Gikomba itachoka upesi. Iliyobeba 2016 itakaa kama mpya. Mtu wa boda anaijua hali hii: tairi la nyuma huisha la mbele likiwa bado lina meno.

Diski yenyewe ina akili ya kuzungusha kazi ndani yake, ili seli zake zichoke pamoja. Lakini haimjui jirani. Kwa hivyo kugawa mzigo kati ya diski na diski ni kazi ya programu inayoziangalia zote kutoka juu.

Programu hiyo inaanza kwa kuuliza. Diski ya kisasa hutoa ripoti ya afya yake, na ndani yake kuna asilimia ya maisha iliyokwisha kutumika. Namba hiyo inaweza kupita 100, kwa sababu 100 maana yake ni muda aliouahidi mtengenezaji umefika, si kwamba diski imekufa. Ahadi yenyewe hupimwa kwa maandishi. Diski ya terabaiti 4 iliyoahidiwa kujazwa mara moja kwa siku kwa miaka 5 inategemewa kumeza terabaiti 7,300.

Baada ya kusoma namba hizo, maandishi mapya hupelekwa zaidi kwa diski ambazo bado zina nguvu. Halafu kuna mbinu tunayoipenda zaidi: kubadilishana. Data inayobadilika kila dakika inatolewa kwa diski iliyochoka, na mahali pake panawekwa data tulivu. Rekodi za 2016 zinahamia kwa mzee, akae nazo polepole, na Gikomba inahamia kwa kijana. Ila kuhamisha nako ni kuandika. Ukihamisha kila saa utazimaliza diski kwa kazi ya kuziokoa, kwa hivyo programu nzuri husubiri tofauti iwe kubwa ndipo isogeze.

Kugawa sawa kuna hatari yake

Ungedhani lengo ni diski zote zizeeke sawasawa. Hapana. Zikizeeka sawasawa zitakufa karibu siku moja, na nakala ya salio lako haina maana kama iko kwa diski inayokufa pamoja na ile ya kwanza. Mwaka 2010 watafiti wa Microsoft walitoa mpango ulioitwa Diff-RAID, ambao kwa makusudi hauzipi diski za kundi moja mzigo ulio sawa, ili umri wao upishane.

Hofu hii si ya kufikirika. Novemba 2019 kampuni ya HPE ya Marekani iliwaonya wateja kwamba aina fulani za diski zake zingezimika zikifikisha saa 32,768 za kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na data isingerudi. Kosa lilikuwa la programu ya ndani, si kuchakaa, lakini aliyewasha diski zake zote siku moja angezipoteza zote saa moja. Ndiyo maana nakala hutakiwa kukaa kwa mashine tofauti, na ikiwezekana kwa diski za umri tofauti.

Hapa ndipo wewe unaingia. Mfumo ukikwama, matapeli hupiga simu: "Rekodi zako zimepotea, tupe PIN turudishe salio." Kata hiyo simu. Diski ikifa, salio hujengwa upya kutoka nakala nyingine, na hakuna hatua hata moja inayohitaji PIN yako.

Na simu yako je? Ina kumbukumbu ya aina hiyo hiyo, lakini haina jirani wa kusaidiana naye. Ikijaa pomoni, inabaki na nafasi chache za kuzungushia maandishi: inakuwa nzito, na inachakaa haraka. Usianze kwa kufuta meseji za miamala, hizo ni nyepesi. Video za harusi kutoka kwa grupu ya familia ndizo zimekalia nafasi. Hamisha hizo kwanza.