Kakao: Itokako, na Keki ya Makaa

Akina mama wawili wa Same waweza kupika keki ya kakao kwa vipimo vile vile, ya mmoja ikaumuka vema, ya mwenziwe ikakaa kama tofali. Lawama huangukia makaa, au mtoto aliyefunua sufuria. Lakini pengine kosa limo ndani ya kopo la kakao, na ili tulijue hatuna budi kuanzia shambani.

Mkakao wapenda joto na mvua. Tambarare ya Same ni kavu mno, na milima yetu ina baridi. Asili yake ni misitu ya Amerika ya Kusini: huko Ecuador wataalamu wameona katika vyombo vya kale mabaki ya kakao yapata miaka 5,300. Hapa Tanzania, kakao nyingi hutoka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa.

Tunda lake huota katika shina lenyewe, na ndani mna mbegu 30 au 40 zenye ute mweupe mtamu. Ukiitafuna mbegu mbichi hutaonja chokoleti hata kidogo. Ni chungu, nayo hukausha ulimi. Mbegu hufunikwa kwa majani ya migomba, au hutiwa sandukuni, siku 5 mpaka 7. Ute huchacha, joto hupanda karibu na nyuzi 50, uchachu kama wa siki huingia mpaka moyo wa mbegu, na hapo ndipo utamu tuujuao huanza. Mwenye haraka ya fedha aanikaye mbegu bila kuzivundika huuharibu kabla haujazaliwa. Kampuni ya Kokoa Kamili ilianza mwaka 2013 huko Mbingu, bonde la Kilombero, kwa kununua mbegu mbichi za wakulima na kuzivundika yenyewe.

Mbegu hukaangwa na kusagwa. Mwaka 1828 Van Houten wa Uholanzi alipata haki ya mtambo wa kukamua mafuta yake, ukabaki unga. Baadaye unga ulitiwa dawa ya jamii ya magadi ili kuondoa uchachu. Na hapa ndipo penye siri ya keki. Kakao isiyotiwa dawa, yenye rangi ya kahawia nyepesi, ikikutana na magadi soda hutoa hewa, keki ikapanda. Ile nyeusi iliyokwisha kutiwa haina uchachu wa kutosha. Yataka siki au maziwa ya mgando. Soma kopo, mama, kabla ya kumchapa mtoto.

Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, basi yafaa keki isiyokula kopo zima, wala mayai. Changanya unga wa ngano vikombe 1½, sukari kikombe 1, kakao vijiko vikubwa 3, magadi soda ya kupikia kijiko 1 cha chai, chumvi nusu yake, na tangawizi kavu ya Mamba iliyosagwa, kadiri upendavyo. Tia mafuta vijiko vikubwa 5, siki kijiko kikubwa 1, na maji kikombe 1. Koroga upesi, mimina katika sufuria iliyopakwa mafuta, funika. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 35 choma kwa kijiti; kikitoka kikavu, epua.

Walio juu kuelekea Shengena wapunguze magadi kidogo, kwa maana huko hewa ni nyepesi: keki hupanda upesi, kisha hubonyea katikati.