Mkono Umekakamaa, Dawa Yatafutwa Kichwani

Wiki hii tuzungumzie mkono uliokunjwa na kiharusi. Wengi mnaujua: kiwiko kimepinda, vidole vimefumba ngumi, hata kumkata mgonjwa kucha ni kazi ya watu wawili. Msikilizaji mmoja wa Temeke ameniandikia akiuliza kama ni kweli ipo mashine ya kuamsha ubongo bila kupasua kichwa, na kama auze kiwanja ampeleke baba yake nje. Swali hilo ni zito, na lastahili jibu la wazi.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Mkono ndio uliokakamaa, lakini chanzo kiko kichwani. Kwa kawaida ubongo huituliza misuli kwa kupeleka amri kupitia uti wa mgongo. Kiharusi kikiharibu njia hizo, msuli huwa kama lori lililokatika breki: ukiunyoosha hujikaza, na ukiunyoosha kwa haraka hujikaza zaidi. Tena pande mbili za ubongo huzuiana. Upande mmoja ukiumia, ule mzima waweza kumwelemea mwenziwe.

Hapo ndipo mashine inapoingia. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba koili ya waya ikishikwa juu ya kichwa na kupitishiwa umeme wa ghafla, nguvu yake ya sumaku hupenya fuvu na kuamsha ubongo, na mkono ukashtuka. Leo mapigo ya polepole, kama moja kwa sekunde, hutumiwa kuutuliza upande uliozidi nguvu. Ya haraka huchangamsha upande uliolala. Njia ya pili ni ya umeme mdogo wa betri, kwa kawaida miliampea 1 hadi 2, unaopitishwa kichwani kwa sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi, kwa dakika 20 hivi. Mgonjwa yu macho, na mara nyingi huhisi mwasho tu.

Je, mkono hulegea? Mwaka 2016 watafiti wa Ujerumani walijumlisha majaribio 5 ya njia ya betri, yenye wagonjwa 315. Hawakuona kwamba inapunguza kukakamaa. Njia ya sumaku imetia moyo katika baadhi ya majaribio, lakini mengi ni madogo, na majibu yake hayalingani. Zaidi ya hayo, mwenye kifafa, chuma kichwani au kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo aweza kudhurika.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Temeke, kiwanja kibaki. Mashine hii ni msaidizi wa mazoezi, si mbadala wake. Mpeleke mzee kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, naye akufundisheni nyumbani namna ya kuuweka na kuutumia mkono ule kila siku. Mwulize daktari kuhusu vidonge vya kulegeza misuli, au sindano ya botulinamu, ambayo huulegeza msuli kwa miezi mitatu hivi. Na presha ipimwe bila kukosa, maana kiharusi cha pili hakibishi hodi.

Anayekuuzia tumaini, mwulize kwanza: wangapi walipona, na nani aliwahesabu?