Perege wa Rufiji na Jina Lake

Mjini leo samaki wengi wa maji baridi, wawe wametoka Ziwa Viktoria au Mto Rufiji, huitwa sato. Huko Kibiti na kando ya Rufiji wazee wangali wanamwita wao perege. Je, jina lina uzito gani, maadamu kitoweo kimeiva?

Neno samaki lenyewe asili yake ni Kiarabu, samak. Waswahili wa kale walisema nswi. Jirani zetu Wayao husema somba. Lakini safari ya maneno si ya upande mmoja. Mwaka 1840 mtaalamu Andrew Smith alilitumia neno tlhapi, yaani samaki kwa Kitswana, kuunda jina la kitaalamu Tilapia. Hivyo neno la Kibantu likaenea duniani kote.

Perege wa Rufiji alipewa jina la kitaalamu na J. R. Norman mwaka 1922: urolepis, lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mkia na magamba. Baadaye aliingizwa katika ukoo wa Oreochromis, jina lililotolewa mwaka 1889 kwa samaki wa Ziwa Chala, chini ya Kilimanjaro. Katika ukoo huo mama huyatunza mayai yake kinywani, na vitoto vikitishwa hukimbilia humo humo.

Basi ubaya wa kumwita perege sato ni nini? Sato ni samaki mwingine. Hata Ziwa Viktoria yeye ni mgeni: alipandikizwa humo katika miaka ya 1950, na baada yake na sangara, ngege wa asili akawa adimu. Kwa ajili ya ufugaji sato amepelekwa pia katika maji mengine ya Tanzania, na wataalamu wamegundua kwamba huzaana na perege. Vitoto vyao ni mchanganyiko, na damu ya perege halisi huzidi kufifia.

Jina likipotea, nani atajua kwamba samaki naye ametoweka? Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Mama na baba, mkienda sokoni na watoto, muulizeni mwuzaji: huyu ni sato, au ni perege?