Ngoma Ikilia Sana Hupasuka

Majuzi nilisimama Kikopey, karibu na Gilgil, kula nyama choma. Muziki ulikuwa ukirindima katika gari jirani. Punde sauti ikaanza kukwaruza, kisha spika moja ikanyamaza kabisa. Kijana mwenye gari akailaani spika. Mimi naona kosa lilikuwa la mkono wake.

Wengi huidhania ile skrubu ndogo ya amplifaya kuwa ni ya kuongezea sauti. Sivyo. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na nguvu ya mawimbi yatokayo kwenye redio. Ikizungushwa kupita kiasi, amplifaya hufikia kikomo chake, na vilele vya mawimbi hukatwa vikawa bapa. Hapo koili ya spika hupata joto jingi, ikaungua.

Dawa ni rahisi. Ishushe skrubu hadi mwisho, uondoe besi ya ziada, uiweke redio kwenye robo tatu ya sauti yake, kisha uipandishe skrubu polepole. Sauti ikikwaruza, rudi nyuma kidogo, uache hapo.

Mwenye mita na akokotoe: spika ya omu 4 inayotaka wati 50 yahitaji volti zipatazo 14, yaani kipeuo cha pili cha 200.

Kanuni hiyo wanafunzi wetu huikariri kwa ajili ya mtihani tu. Walimu wa fizikia, mbona tusiifundishe kwa amplifaya mezani? Yule kijana angalikuwa bado na spika yake.